Colman Hakusema Hivyo

Jumapili nyumbani kwa akina Geraghty hupikwa chakula kimoja: nyama ya nguruwe ya chumvi, kabichi na viazi. Attracta, mama mwenye nyumba, anataka watu wawe mezani saa saba kamili. Ukichelewa, utakula kabichi iliyopoa pamoja na maneno ya moto.

Mumewe, Colman, alifariki miaka sita iliyopita. Hapa Drumkeelan, mji wetu mdogo, hakuna asiyemjua. Kwa miaka thelathini na mmoja alichambua uchaguzi kwenye redio ya kaunti yetu. Aliwachekesha watu na aliwakera wakubwa. Lakini heshima yake ilitokana na jambo moja. Hakuna aliyejua anampigia nani kura. Hata Attracta hakujua, na walilala kitanda kimoja miaka arobaini na minne.

"Mimi nawaelezeni tu," Colman alikuwa akisema redioni. "Penseli mnashika wenyewe."

Uchaguzi ukikaribia, familia yake hucheza mchezo mezani. Mmoja huuliza, "Baba angesemaje?" Kisha Dervla, binti yake, huiga sauti ya baba yake mpaka watu wanapaliwa na chai. Dervla ana miaka thelathini na tisa. Ana saluni barabara kuu, na mdomo wake ni mwepesi kama mkasi wake.

Jumapili ya kisa hiki zilibaki siku kumi na mbili tupige kura ya baraza la kaunti. Dervla hakuiga. Aliweka simu katikati ya meza.

"Leo Baba atasema mwenyewe," alisema.

"Wee Dervla, usinichezee," alisema mama yake.

"Sikiliza tu, Mama."

Dervla alikuwa amechukua kanda za zamani za redio. Alikuwa ameziingiza kwenye programu ya simu inayojifunza sauti ya mtu. Unaandika maneno, nayo inayasema kwa sauti ile. Kwanza ilisikika sauti ya Dervla: "Jamani, hii ni mashine, ni mzaha wa nyumbani." Kisha alisikika Colman.

"Mgombea Malachy Scahill ameahidi daraja la waenda kwa miguu mara nne. Mto umechoka kungoja. Mimi sikumwamini hata siku moja. Safari hii mnyimeni hata namba ya mwisho."

Attracta alishika kifua. "Ni yeye! Mungu wangu, hata kile kikohozi chake!" Alicheka, kisha akalia, kisha akataka irudiwe. Dervla aliona fahari. Akaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kwa binamu wa Galway na wa Boston.

Huku kwetu, ili msomaji aelewe, hatuweki alama ya vema kwenye karatasi ya kura. Tunaandika namba kwa penseli. Moja kwa unayempenda zaidi, mbili kwa anayefuata, na kuendelea. Mgombea akishindwa, kura zake huenda kwa waliopewa namba inayofuata. Kwa hiyo hata namba ya tano au ya sita inaweza kumpa mtu kiti. Kumnyima mtu namba kabisa si jambo dogo.

Alhamisi mchana Nuala Tansey alikwenda saluni kukatwa nywele. Nuala ni jirani wa akina Geraghty. Alifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya uchaguzi ya kaunti, na sasa amestaafu. Alikaa kwenye kiti, akatoa simu.

"Dervla, hii sauti ya baba yako imetoka wapi?"

Dervla alisikiliza. Ilikuwa ile ile, ila mwanzo umekatwa. Maneno yake ya kusema ni mzaha hayakuwapo. Juu yake mtu ameandika: *Colman Geraghty alituonya zamani. Tuma kwa watu wote.*

"Nani ameikata?" Dervla aliuliza. Mkasi ulibaki hewani.

"Sijui. Ila nimetumiwa na watu saba tangu asubuhi. Mmoja ni mwalimu yule wa maktaba."

Mwalimu yule wa maktaba ni mimi. Jumatano hufundisha watu wazima kusoma, na hupenda kuwaambia wasiamini kila kitu. Nilipoisikia sauti ya Colman nilifurahi mno, nikawatumia watu kumi na saba. Sikujiuliza hata swali moja. Nalisema hapa kwa sababu ni kweli, na naona aibu mpaka leo.

"Mimi ndiye niliyeitengeneza," alisema Dervla. "Lakini nilisema ni mzaha! Kosa si langu. Kosa ni la aliyekata."

"Yeye ana lake, na wewe una lako," alisema Nuala. "Umemlisha marehemu maneno. Nilikuwa na baba yako kila siku ya kuhesabu kura. Aliwahi kumwambia mtu amnyime fulani namba?"

Dervla aliuweka mkasi mezani.

"Aliwahi?"

"Hapana, Bi Nuala."

"Basi sasa mji mzima unasema alikuwa na upande. Kwamba miaka yote ile alikuwa akijifanya. Pale buchani mtu kasema, 'Kumbe Colman naye alikuwa na wake.' Nimesikia kwa masikio yangu."

Uso wa Dervla ulimshuka. Kumchekesha mama yake lilikuwa jambo jema. Lakini jina la baba yake ndilo lililokuwa linachafuka, na aliyelichafua ni yeye mwenyewe.

"Watu hawawezi kujua kuwa ni uongo?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Scahill amegombea tangu enzi za Baba. Wanadhani ni kanda ya zamani."

"Wangeweza kujua, kama wangetulia kidogo," alisema Nuala. "Sauti inasema daraja limeahidiwa mara nne. Ahadi ya nne Scahill ameitoa mwezi uliopita. Colman yuko kaburini miaka sita. Aliihesabu vipi?"

Dervla alitaka kucheka, akashindwa.

"Ndiyo maana huwa nauliza," Nuala aliendelea. "Haya yalisemwa lini? Wapi? Iliyo kamili iko wapi, yenye mwanzo na mwisho? Siku hizi sauti peke yake si ushahidi. Nisipopata jibu, siitumi kwa mtu."

"Basi nitaifuta."

"Ufute kwako, na kwa wengine je? Hiyo imeshatoka. Nenda ukaseme hadharani kwamba ni wewe, na useme kwa jina lako. Tume ya uchaguzi nayo iandikie leo, wana watu wa kushughulikia mambo haya. Ila kabla ya yote, baba yako alikuwa na desturi gani?"

Dervla aliijua. Colman akitaka kumkosoa mgombea redioni, kwanza alikwenda kwake akamwambia ana kwa ana.

Jioni hiyo alimkuta Malachy Scahill kwenye lango la shamba lake, akiwanywesha ndama maziwa. Scahill ni mtu mnene mwenye mashavu mekundu. Hakumkaribisha.

"Umekuja kunisomea mengine?" aliuliza.

"Nimekuja kukuomba radhi. Baba hakuyasema yale. Niliyaandika mimi, mashine ikayasema."

Scahill aliweka ndoo chini.

"Colman alinikaanga redioni miaka ishirini," alisema. "Lakini kila mara alikuja hapa hapa, kwenye lango hili, akaniambia kwanza. Nilikasirika, lakini nilimheshimu. Juzi niliposikia ile sauti, nilisema, kumbe alikuwa akinicheka kisogoni. Iliniuma, binti. Kuliko kura, iliniuma hiyo."

"Hakukucheka kisogoni. Aliyekucheka ni mimi."

"Nenda ukawaambie watu hivyo hivyo."

"Nitawaambia. Lakini sikwambii kwamba nitakupigia kura. Daraja bado hujajenga."

Scahill alimtazama, kisha tumbo likaanza kumtikisika kwa kicheko. "Toka hapa," alisema. "Ndama wangu wanasubiri."

Usiku huo Dervla aliiandikia tume ya uchaguzi, na kesho yake alikwenda kwenye redio ile ile alikofanya kazi baba yake. Hakuandika hotuba. Alisema hivi:

"Naitwa Dervla Geraghty, wa saluni. Ile sauti mliyosikia si ya baba yangu. Niliitengeneza kwa simu, nyumbani, kwa mzaha. Mtu nisiyemjua akaikata, ikaenea. Maneno yale ni yangu mimi. Baba yangu hakuwahi kumwambia mtu ampe nani namba wala amnyime nani. Sijui angeuonaje uchaguzi huu, na ninyi hamjui. Amekufa. Kama mliituma, tafadhali watumieni watu wale wale maneno haya. Mwambieni kila mmoja, Colman hakusema hivyo."

Aliikata rekodi yake? Hakuikata. Aliituma nzima, ikiwa na kigugumizi chake na sauti yake ya kilio. Ukoo wote uliisambaza, mpaka Boston. Nami niliwatumia wale wangu kumi na saba, mmoja mmoja, na chini yake nikaandika, "Nilikosea." Wawili walinitania. Kumi walinishukuru.

Ijumaa iliyofuata tulipiga kura. Jumamosi watu walijaa kwenye ukumbi wa michezo kuangalia hesabu. Wafanyakazi hufungua karatasi mezani, uso juu. Upande wa pili wa uzio husimama watu wenye penseli, wa vyama vyote, wakichungulia na kuweka alama kwenye daftari. Ni kazi ya kujitolea, na huanza mapema sana. Colman aliipenda kuliko sikukuu. Safari hii Dervla alisimama hapo na Nuala, na mama yake alikuwa nyuma na chupa ya chai na mkate wa magadi.

Viti vilikuwa sita, wagombea kumi na watatu. Raundi ya kwanza ikaja, ya pili, ya tano. Kufikia jioni kilibaki kiti kimoja. Raundi ya tisa msimamizi wa uchaguzi alipanda jukwaani, akasoma matokeo. Malachy Scahill alikipata kiti hicho kwa tofauti ya kura kumi na moja. Mpinzani wake aliomba zihesabiwe upya, kwa haki yake. Zikahesabiwa. Tofauti ikabaki kumi na moja.

Dervla alishika uzio. "Kumi na moja, Bi Nuala," alisema. "Ningenyamaza..."

"Hukunyamaza," alisema Nuala. "Angeshindwa, au angeshinda zaidi, hilo ni la wapiga kura. Lakini leo wamechagua walio hai, kwa kusikia maneno ya walio hai."

Nilimtazama Dervla. Hakuwa amempa Scahill namba ya juu, hilo ningeweza kuapa. Lakini alikuwa amesimama wima, na mimi nilijivunia kuwa mtu wa mji mmoja naye.

Mtangazaji wa redio alimwona. Alipenya kati ya watu akiwa na kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana, tuko moja kwa moja kutoka ukumbini," alisema. "Hapa tunaye binti wa marehemu Colman Geraghty. Hebu tuambie, baba yako angeuelezaje uchaguzi huu?"

Kabla Dervla hajafungua kinywa, sauti ya mwanamke ilitoka nyuma, kali, ikasikika kaunti nzima.

"Ana jina lake huyo!" alisema Attracta, chupa ya chai mkononi. "Anaitwa Dervla! Muulize yeye anauonaje!"

Watu wenye penseli walicheka, kisha wakaanza kupiga makofi kwenye uzio. Mtangazaji aliona haya, akasogeza kipaza sauti.

"Dervla," alisema, "unauonaje?"

Dervla alijikohoza. Kisha akaanza kutueleza.