Joho la Malkia Lililopita Msimbu

Wewe uliliona. Usinitazame hivyo. Ulikuwa pale gengeni Pangani, Kibaha, umeshika fungu lako la nyanya, joho likapita mbele yako juu ya jeneza, ukainamisha kichwa. Hilo ukaliita heshima. Na kwa heshima yako hiyo, Eugenia yuko mahabusu.

Joho lenyewe lilikuwa nakala. Bertha, mwenye ukumbi wa harusi, alilishonesha kwa kufuata picha ya malkia wa mwisho wa Uajemi siku alipotawazwa, mwaka 1967: mahameli ya kijani, nakshi za dhahabu, mkia mrefu wa kubebwa na watu. Mwaka huohuo sisi tulitangaziwa kwamba binadamu wote ni sawa. Wengine hatujasahau. Leo maharusi wa Kibaha wanalikodi joho hilo ili wakae jioni moja juu ya wenzao.

Eugenia, mfua nguo wa ukumbi, alilianika uani, jirani na genge, kwenye upepo. Aliporudi na beseni la pili, kamba ilikuwa tupu. Bertha aliwapigia polisi akamtaja mwizi kabla hajaulizwa.

Inspekta Elinipa wa upelelezi, mtu wa Upareni, alichuchumaa chini ya kamba. Vibanio vyote vilikuwa kikapuni, vimepangwa. Akavitia kwenye mfuko wa vielelezo, vikachukuliwe alama za vidole.

"Mwizi gani anapanga vibanio?"

"Eugenia huyohuyo," alisema Bertha. "Nilimfundisha mwenyewe."

Eugenia akapakiwa kwenye gari la polisi na mikono ingali na povu.

Gengeni wote walikana. Hawakuona kitu, ilikuwa inapita maiti kutoka mochwari kwenda Kisarawe, gari likasimama kidogo, wakainamisha vichwa. Elinipa akamgeukia Badru, muuza nyanya.

"Jeneza lilifunikwa na nini?"

"Mahameli ya kijani, afande, na dhahabu. Kama siku zote."

"Maandishi?"

"Maua."

"Nini kingine?"

Badru alizipanga nyanya zake upya. "Lilikuwa na mkia."

"Jeneza lina mkia, Badru?"

"Afande, mbele ya maiti mtu haulizi maswali."

Mochwari wakamwambia Elinipa kwamba maiti ile ilikuwa ya Bi Sikudhani wa Msimbu, kijiji cha Kisarawe. Alipofika huko, siku chache baadaye, alikuta mazishi mengine. Joho lilikuwa juu ya jeneza, wabebaji wakipokezana, na nyuma wanaume wanne wameushika mkia usiburuzike. Akavua kofia, akasubiri dua iishe. Kielelezo chenyewe kilikuwa kinazika.

Pale akaelezwa hali ilivyo. Tangu azikwe Bi Sikudhani, hakuna aliyekubali tena kufunikwa na kitambaa cha zamani. Mzee Mwinyimadi, aliyekatiwa tamaa na madaktari, alishaweka nafasi ya kufunikwa joho hilo. Na tangu aiweke, akaanza kula na kutembea, jambo lililowaudhi waliomfuata kwenye foleni.

Mzee Latifu, mume wa Bi Sikudhani, alijileta mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa."

"Joho hili alikupa nani?"

"Kamba."

"Eugenia alikusaidia?"

"Simjui. Ningemjua ningemwomba."

"Sasa kwa nini uliiba?"

Mzee aliketi kwenye ukingo wa baraza. Chama cha kuzikana kina kifuniko kipya cha jeneza, alisema, lakini mwenyekiti amekifungia kabatini kwa misiba ya wakubwa.

"Mke wangu ndiye aliyewaosha wanawake wote wa hapa wanapokufa. Mwenye nacho na asiye nacho, maji yaleyale. Siku yake wakanipa kitambaa kilicholiwa na panya. Nimemtoa mochwari, gari likasimama Pangani, nikaliona linaning'inia. Nilijua ni la harusi. La malkia gani sijui. Nikasema leo ni la Sikudhani."

"Na vibanio, kwa nini ulivipanga kikapuni?"

"Vibanio si vyangu, mwanangu."

Elinipa aliandika maelezo yote, akamtia Latifu garini pamoja na joho. Kituoni, Msimbu nzima ilikuja na vitambulisho kumdhamini; hata Mwinyimadi, kwa miguu yake. Jioni hiyo mzee alilala kwake.

Eugenia hakulala kwake. Bertha ameapa kwamba joho lilianikwa pale kwa kula njama, na mpaka jalada lipite kwa mwanasheria wa serikali, binti atoke kwa dhamana tu. Ametoka Ngara. Hana ndugu hapa. Mashuka yenu amefua, na vitambaa vya meza vya harusi zenu, na hakuna hata mmoja aliyefika kaunta.

Aliyekiri yuko nyumbani. Asiyeiba yuko kwenye saruji. Anatakiwa mtu mmoja, mkazi wa Kibaha, mwenye kitambulisho. Unacho; kiko kwenye pochi uliyoikalia. Inuka. Kituo kiko wazi sasa hivi. Na usisubiri jirani yako atangulie, kwa sababu naye anakusubiri wewe.