Uso wa Kuazima

Kwanza ilikuwa harufu. Bahari ilikuwa mbali kabisa na studio, lakini asubuhi ile fundi picha alipofungua mlango, shombo la maji ya chumvi likampiga puani. Akainama chini ya meza kutafuta kama paka kaburuta samaki. Wapi!

Mezani palikuwa na kazi ya meneja wa hoteli moja ya kisiwani: picha ya miaka mia iliyopita ya barabara kuu ya kisiwa hicho cha mapumziko, maduka yenye vibaraza, magari ya farasi, wageni wenye kofia pana. Mbele ya hoteli alisimama mwanamke ambaye mtu aliukwaruza uso wake makusudi, ukabaki mweupe pe. Meneja aliitaka picha safi, aitundike mapokezi.

Sasa, fundi na mkewe walikuwa na mtindo wao: uso ukiharibika kabisa, wanachora wa kwao wenyewe, maana nani atalalamika? Jana yake mke alijitazama kiooni, akauchora uso wake juu ya picha ileile kwa brashi.

Tangu hapo hakuwa yeye. Mcheshi yule, aliyezoea kumtania mumewe kitambi mpaka wateja wacheke, sasa ni "ndiyo, mume wangu," "sawa, mume wangu." Chakula hagusi. Pindo la gauni limelowa, na mvua hakuna. Fundi wa watu akashuku mkewe ana mtu nje. Roho ikamuuma, akaanza kumvizia.

Mchana mmoja akaishika picha ili aimalizie, akaona yule mwanamke hayuko tena mbele ya hoteli, yuko katikati ya barabara, amekimbia hadi ukingoni mwa karatasi, mikono kamnyooshea yeye, mdomo wazi, na uso ule, uso aliokuwa akiamka nao miaka yote, umelowa machozi. 

Akamwita mjomba wake, mganga wa majini. Mzee aliitazama picha, akashusha sauti.

"Aliyeukwaruza alimfungia jini humo. Mkeo kampa uso, jini katoka kwa sura yake. Mkeo ndiye aliyebaki ndani."

"Mjomba, nirudishie mke wangu!"

"Naenda kuchukua dawa, narudi sasa hivi. Huo uso usiguswe, mwanangu. Ukikwaruzwa tena, hatoki milele."

Mzee alipoondoka, fundi alikusanya wembe, visu na sindano zote, akavitupa shimoni nyuma ya studio. Akarudi mbio, akaikumbatia picha kifuani huku akilia kama mtoto.

Harufu ya chumvi ikajaa chumbani. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, maji yakimchuruzika miguuni.

"Mume wangu, sindano zote umezipeleka wapi?"

"Si... sijaziona."

"Haidhuru," akasema kwa upole, akimsogelea. "Kucha ninazo."