Kuku wa Kuombea Msamaha

Kila asubuhi kabla ya shule, Tiyamike aliteka maji, akafagia uwanja na kumkorogea mdogo wake uji. Kwa kawaida alisaidiana na mama. Jumatatu hiyo alifanya yote peke yake, maana mkono wa mama ulikuwa umefungwa bendeji. Mjomba Lipenga alikuwa ameshawaambia la kusema: mama aliteleza kisimani.

Mjomba ndiye aliyekuwa nkhoswe, yaani msimamizi wa ndoa ya mama. Kijijini kwao, nje kidogo ya mji wa Balaka, ugomvi wa mume na mke ulipelekwa kwa nkhoswe kwanza, na kumpita ilikuwa kumvunjia heshima mbele ya watu. Mama alikuwa amemwendea mara tatu. Mara zote baba alileta kuku wa kuombea msamaha, mjomba akasema yamekwisha, wakamla kuku kwa nsima, ugali wa kwao.

Darasani Tiyamike hakutulia. Aliketi upande huu, akahamia ule, akachungulia dirishani. Rafiki yake Yankho akamnong'oneza, "We, una siafu kwenye sketi?" Waliokaa nyuma wakacheka. Tiyamike alikuwa akimfikiria baba. Asubuhi alikuwa ametoka na baiskeli yake ya kubeba abiria bila kusalimia mtu, na siku kama hizo alirudi na hasira.

Wakati wa mapumziko alivuka barabara mbio hadi kituo cha polisi. Alikijua chumba cha kitengo cha kuwasaidia wahanga, kwa sababu Sajini Mkwanda, mwanamke mwenye sauti ya upole, aliwahi kuja shuleni kukieleza. Akasimama mlangoni akikunja na kukunjua pindo la sketi, akasema mama wa rafiki yake anapigwa.

Sajini hakushika kalamu. Alimpa kiti na maji, akauliza kama huyo rafiki amekula, na kama anaogopa kurudi nyumbani.

Tiyamike akaachia pindo la sketi. "Si rafiki, mama. Ni kwetu. Lakini nikisema, baba atafungwa kwa ajili yangu. Na nkhoswe atasema nimemdharau."

"Nkhoswe ameshaletewa kuku wangapi?"

"Watatu."

"Basi amepewa nafasi ya kutosha. Na litakalompata baba yako litatoka kwenye mikono yake, si kwenye mdomo wako."

Sajini alijifunga kitenge juu ya sare, wakaenda nyumbani kabla baba hajarudi. Hakumlazimisha mama. Alimweleza kwamba angeweza kutibiwa, kufungua kesi na kuomba ulinzi wa mahakama, na kwamba kila hatua wangekwenda pamoja. Macho ya mama yalienda njiani na kurudi. Mwishowe akasema, "Andika. Sikuteleza."

Mjomba, aliyekuwa ameambiwa na jirani, akafika akihema. "Mmepita juu ya kichwa changu."

Mama alipandisha nguo begani, akamwonyesha makovu. "Hili ni la kuku wa kwanza, kaka. Hili la kuku wa pili."

Mjomba akaketi chini, pale pale vumbini.

Siku hiyo polisi walimkamata baba. Mahakama ikamwachia kwa dhamana, ikamkataza kuikaribia nyumba hadi kesi isikilizwe, naye akaenda kukaa kwa ndugu zake. Mama na watoto walibaki, kwani kwa desturi yao mume ndiye aliyehamia kwa ukoo wa mke. Mjomba mwenyewe aliandikisha ushahidi.

Wiki ile mjomba alimwita Tiyamike mbele ya mama. "Nilidhani kazi yangu ni kuilinda ndoa," alisema, "nikawasahau waliomo ndani yake. Nilikufundisha uongo, mpwa wangu, nawe ukachagua kusema kweli. Ukiona mtu anaumizwa, mwambie mtu mzima. Asipokusikia, mwambie mwingine, hata kama huyo wa kwanza ni mimi."