Nukta Nyekundu ya Helka

Wanafunzi walivua mabuti mlangoni, wakaingia darasani na soksi zao za sufu, kelele zikiwatangulia. Asubuhi hiyo, katika shule yao mjini Oulu, habari ilikuwa moja tu: mtafiti Seija amekuja na miwani yake yenye kamera. Ukiivaa ukifanya hesabu, inanasa kila mahali jicho linapotua.

"Helka atamaliza kabla hatujakaa!"

"Na Touko?"

"Huyo si anamwangalizia Helka!" Wakaangua kicheko.

Touko aliinama. Wiki iliyopita majibu yake na ya Helka yalifanana hadi makosa, na tangu hapo darasa zima likamwita mwizi. Helka, bingwa wao, alijua ukweli. Akanyamaza.

Siku hiyo Helka alivaa miwani kama wenzake, akaketi kando ya Touko kama kawaida, akamaliza wa kwanza. Touko alikuwa bado anahakiki majibu yake.

Baada ya supu ya samaki ya mchana, Seija alimwita Helka peke yake, akamwonyesha video. Nukta nyekundu ndiyo iliyokuwa jicho lake. Ililipita swali mbio, ikaruka kushoto, ikatulia kwenye karatasi ya Touko. Swali la pili, kushoto. La tatu, kushoto tena. Helka alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Utamwambia mwalimu?"

"Siruhusiwi," Seija alijibu kwa upole. "Niliwaahidi nyote kwamba video ya kila mtoto ni siri yake. Wa kusema ni wewe tu."

Afadhali angekaripiwa. Alirudi darasani uso ukimwaka.

"Mwalimu Pirkko," alisema, "Touko hajawahi kuniangalizia. Mimi ndiye ninayemwangalizia."

"Acha wewe!" mtu akaropoka.

"Mimi nilijua," alisema Touko. "Kila siku kiwiko chako kinanigonga."

"Mbona hukusema?" Helka akamuuliza.

"Nani angeniamini?"

Hapo Helka akalia kabisa.

Mwalimu Pirkko alimpa kitambaa. "Umemrudishia Touko jina lake mbele ya wote, na hilo si dogo," alisema. "Lakini darasa hili, mimi nikiwemo, tunamwomba Touko radhi. Na wewe, Helka, jibu la kuibia halikufundishi kitu. Bora ukosee kwa akili yako, tutakusahihisha."

Touko alisogeza kitabu chake cha hesabu katikati ya meza, akaweka kidole juu ya swali la kwanza.

"Tazama hapa," akasema. "Soma."