Ndege Aliyekatwa Mkia

Jumapili, saa saba kasorobo mchana, Benedeta alirudi kutoka kanisani Merikit akakuta msumari mtupu ukutani. Sahani kubwa ya Kiingereza aliyoachiwa na marehemu mumewe, nyeupe yenye picha za buluu, haikuwepo.

Aliyebaki nyumbani ni mkwewe Luke, mgonjwa wa malaria. Jumatatu asubuhi askari wawili wakaja kumkamata.

"Mimi nalikuwa nalala, mama," Luke alisema.

"Homa inayojua kubeba sahani," askari mmoja alimcheka.

Jirani yao Mugeni, fundi cherehani, aliomba kimoyomoyo, kisha akawasihi askari wangoje hadi saa nane.

"Nani mwingine aliitaka?" alimuuliza Benedeta.

"Phillip wa Busia. Anakusanya sahani hizo. Mara tatu nimemkatalia."

Mugeni alishusha picha ya harusi ya Luke. Nyuma ya bibi harusi sahani ilionekana wazi. Ndege wa buluu walizunguka ukingo wake, na mmoja, wa juu kabisa, hakuwa na mkia. Mugeni akaibeba picha. Asante, Bwana.

Saa tano na nusu, yeye, Benedeta na askari mmoja walikuwa sebuleni kwa Phillip, mjini Busia. Ukutani zilining'inia sahani kumi na mbili.

"Ya mwisho uliipata lini, mzee?" Mugeni aliuliza.

"Mwaka jana, upande wa Kenya. Zilitoka maelfu, fundi, zote sura moja."

"Hao ndege walichorwa kwa mkono?"

Phillip alitabasamu, hilo alipenda kulieleza. "Hapana. Picha ilichapwa kwenye karatasi, karatasi ikakatwa kwa mkasi, ikabandikwa kwenye sahani."

"Kama kitambaa cha maua," Mugeni alisema. "Mimi hutazama kwanza mahali pa kuungia. Hakuna mikasi miwili inayokata sawa." Akaweka picha ya harusi mezani. "Huyu mkia wake ulikatwa kwenye maungio. Na yule pale ukutani?"

Askari alisogea, akatazama picha, akatazama ukuta. Ndege yuleyule.

Phillip aliketi taratibu. "Miaka tisa nilikuwa nazo kumi na moja," alisema. "Kila nikila, macho yanakwenda kwenye pengo. Nilijua Jumapili mko kanisani. Huyo kijana nilimsikia akikoroma."

"Ukamwacha afungwe?" Mugeni aliuliza.

Askari alikuwa tayari kwenye simu, akimwambia mwenzake Merikit amwachilie Luke.

Benedeta alipanda kiti, akaitungua sahani yake, akaifuta kwa kanga.

"Sasa unazo kumi na moja tena," alisema.