Chiriku Aonyesha Panapouma

Nyumba ya fundi cherehani haina kimya. Chumba cha mbele ndicho duka, ndicho sebule, ndicho pa kulia chakula. Baba anashona sare za shule dirishani. Mama anakaa sakafuni anatia vifungo. Bibi, mzaa baba, anakunja nguo zilizokwisha na kutoa maoni ambayo hakuna aliyemwomba.

Binti yao ana miaka sita. Walimwita Chiriku alipokuwa mchanga, kwa sababu alibwabwaja kutwa nzima kama ndege huyo. Kabla hajafika miaka miwili akanyamaza. Jina likabaki. Hospitali walisema ana usonji. Wazazi walirudi na neno hilo nyumbani, lakini hakuna aliyewaeleza walifanyie nini.

Basi baba akaamua kumfundisha mwenyewe. Tusidanganyane, nia yake ilikuwa njema. Kila siku baada ya chakula cha mchana alimkalisha kitini. Chiriku hakukaa. Aliteleza, akakimbilia gurudumu la cherehani, akalizungusha na kulikodolea macho. Baba akashona mkanda. Mkanda mzuri, jamani, wa kitambaa laini, una sponji ndani usimchubue. Akamfunga nao kitini, akamwekea kadi za herufi mbele ya macho.

"Sema a."

Chiriku alipiga kelele.

"Sema a, mwanangu. Ukisema nakufungua."

"Mmemdekeza huyo," bibi alisema. "Anajua kila kitu. Jeuri tu."

Baadaye kelele zikazidi. Chiriku akawa anajipiga ngumi kichwani, upande wa kushoto. Baba akaona amekataa masomo, akakaza mkanda.

"Baba Chiriku, muache leo," mama alisema.

"Nikimuacha leo, kesho nitaanzia wapi?"

Asubuhi moja mama akakuta mto umelowa usaha na damu.

Hospitalini daktari alichungulia sikio la kushoto. "Ugonjwa umeshakula ndani," alisema. "Sikio hili halitasikia tena. Mbona mmechelewa hivi?"

"Hakusema," mama alijibu.

Baba alitoka nje akaketi kwenye ngazi. Alilia hadharani, mtu mzima, watu wakimpita. Sasa alielewa. Mtoto alikuwa anajipiga palipouma, na yeye alikuwa amemfunga, anamwambia aseme a. Na kilichomtisha zaidi ni sikio la kulia. Likiugua na hilo, nani atajua?

Hospitali ikawatumia mwalimu wa watoto wenye usonji, anayewafundisha wazazi majumbani. Alikuwa mama mnene, mcheshi, mwenye sauti ya chini. Alipoingia aliuona mkanda kitini, akaushika.

"Nani kashona?"

"Mimi," baba alisema, bila kuinua uso.

"Umeshona vizuri. Ufumue."

"Sasa hivi?"

"Kwani una miadi?"

Baba akachukua wembe, akafumua. Bibi akaguna. "Na atasomaje akirukaruka?"

"Bibi, huyu si jeuri. Hajalogwa, wala hakuna aliyekosea kumlea. Ubongo wake unapokea mambo kwa njia nyingine. Maneno mengi yanamchanganya. Akipiga kelele, anatuambia kitu. Sasa niambieni, anapenda nini?"

"Hakuna," baba alisema. "Kuzungusha gurudumu hilo tu. Namfukuza kila siku."

"Baba, unamfukuza darasani! Hapo hapo ndipo tutakapoanzia. Na herufi hazina haraka. Kwanza ajue kutuonyesha panapomuuma."

Baba alichomoa sindano ya cherehani isije ikamchoma mtoto. Mama akashona mdoli wa vipande vya nguo, mwenye tumbo nene na masikio makubwa. Wakaketi sakafuni. Mwalimu akagusa sikio la mdoli. "Sikio," alisema, neno hilo moja tu, kisha akasubiri. Chiriku aligusa pia, kwa bahati tu.

"Zungusha!" mwalimu alimwambia baba. "Mara hiyo hiyo. Ukichelewa hatajua anashangiliwa nini."

Gurudumu likazunguka. Chiriku akarukaruka.

"Na akiondoka?" mama aliuliza.

"Mchezo umekwisha, muache aende. Dakika chache zinatosha. Acheni angali anautaka, kesho atarudi."

Kisha akawapa kipande cha kitambaa chekundu. Hicho ndicho "inauma". Kila Chiriku akijikwaa, wakiweke palipoumia na kuitaja sehemu hiyo. Mdoli naye "akianguka", wamwekee.

Msidhani mambo yalinyooka. Siku nyingi Chiriku hakumtazama mdoli kabisa. Siku nyingine aligusa sikio la mdoli, akagusa goti, baba akanogewa, akaendelea na kuendelea. Mtoto akamng'ata mkono. Baba aliinua kofi. Akalishusha. "Nimezidisha," alisema, akaenda kukaa peke yake.

Aliyewashangaza ni bibi. Siku moja alimdondosha mdoli makusudi, akalia kwa sauti nyembamba, "Uuwi! Goti langu mie! Nani ataniposa sasa?" Chiriku akacheka. Walikuwa wamesahau sauti ya kicheko chake. Akaokota kitambaa chekundu, akakiweka kwenye goti la mdoli. Tangu hapo bibi ndiye aliyekuwa mdoli, na akadeka kweli kweli.

Miezi ikapita. Mchana mmoja kazi ilikuwa imemzidi baba, wateja wanangoja sare. Chiriku akaja akasimama kando yake. Alishika kitambaa chekundu juu ya sikio lake la kulia.

Baba alikuwa karibu kusema subiri. Lakini mguu wake ulikwishasimamisha cherehani.

"Sikio?" aliuliza taratibu. "Inauma?"

Chiriku aliushika mkono wa baba, akaubana sikioni kwake.

Waliacha mlango wa duka wazi na wateja wamesimama, wakakimbilia hospitali. Daktari alikuwa yule yule. Alichungulia muda mrefu.

"Kumeanza kuvimba," daktari alisema hatimaye. "Bado ni mapema. Dawa zitatosha, litasikia hili. Safari hii mmewahi sana. Mmejuaje, na mtoto hasemi?"

Baba alikikunja kitambaa chekundu, akakitia mfukoni. Mama akampakata binti yake.

"Katuambia," alisema. "Katuambia mwenyewe."