Kamongo wa Stoo

Haya yalimpata Melania, shoga wa bibi yangu, kule Geita enzi wazungu walipokuwa wakichokonoa milima kutafuta dhahabu. Alikuwa ametoka kumzika bintiye Justa, aliyekataa kunyonya mpaka akazimika. Bwana mkubwa wa kambi, ambaye hakuuliza hata mtoto aliitwa nani, akamkabidhi kamongo mgonjwa, yule samaki wa matopeni avutaye hewa, ndani ya pipa, kwenye stoo isiyo na dirisha. "Feed it," akasema, akaenda zake.

"Umlishe, eti," akatafsiri mumewe, Mabula, mpishi wa kambi. "Samaki wa mchuzi huyu, yeye anamtafutia yaya."

Melania hakucheka. Dagaa, minyoo, nyama, kila alichotupa kilizama. Mle gizani alimsikia tu kamongo akipanda kuvuta pumzi, haaa, kama mtu aliyechoka kulia, kisha maji yakanyamaza.

"Mwache afe, Mama Justa."

"Wa pili simwachi."

Akatafuna ugali ukalainika, akaupaka kidoleni, akazamisha mkono.

"Atakikata kidole hicho," Mabula akaonya. "Kamongo ana meno kama mkasi."

Kisha kitu kikakishika kidole, kikaanza kunyonya polepole, kikang'ata.

Melania akatoka nje machozi yakimtiririka. "Amekula," akasema.

Mabula akamvuta mkono juani, atazame jeraha. Kidoleni palikuwa na alama mbili tu, ndogo, zimekaribiana, sawasawa na vijino vya chini alivyoota Justa wiki ile aliyokufa.